Nani Aseme Kwanza, Mtu au Mashine?

Tabibu wa kliniki ya mtaani Nairobi hana muda wa kubembelezana na kompyuta. Foleni iko mlangoni, mtoto analia, mama anasubiri kuambiwa kama ni malaria au ni kifua tu. Tabibu anauliza, anapima joto, anaandika malalamiko, anaagiza vipimo, kisha anaandika ugonjwa aliouona na dawa anayotaka kutoa. Mapema mwaka 2025, katika kliniki 15 za Penda Health jijini humo, kazi hii iliendelea kama kawaida, ila faili la mgonjwa lilikuwa na msomaji wa pili. Kila tabibu alipomaliza sehemu moja na kuhamia nyingine, programu ya akili mnemba ilisoma alichoandika na kuonyesha rangi moja kati ya tatu. Kijani, endelea. Njano, kuna jambo, litazame ukipenda. Nyekundu, simama usome kwanza, ndipo uendelee.

Programu hiyo inaitwa AI Consult, na imejengwa juu ya modeli ya kampuni ya OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT. Utafiti uliofuatilia mahudhurio 39,849 ya wagonjwa ulionyesha kwamba makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na makosa ya kupanga matibabu kwa asilimia 13, ukiwalinganisha matabibu waliokuwa nayo na wenzao waliofanya kazi bila hiyo. Waliopima makosa hayo ni madaktari wa nje waliosoma mafaili. Niseme mapema kwamba utafiti wenyewe uliandikwa na Penda pamoja na OpenAI, yaani wenye bidhaa, na kwamba wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, haikuonekana tofauti ya kitakwimu kati ya makundi mawili. Hayo yasifichwe. Lakini kinachonifanya niurudie utafiti huu mara kwa mara si asilimia hizo. Ni mpangilio wa zamu. Tabibu anasema kwanza. Mashine inasoma kimya, na inamkatiza pale tu inapoona hatari.

Mjadala wa akili mnemba huku kwetu umekwama kwenye swali moja: je, mashine inamshinda daktari, mwalimu, mhasibu, mwandishi? Ni swali la mashindano, na majibu yake hubadilika kila toleo jipya linapotoka. Ushirikiano una swali lake. Mtu na mashine wakikaa meza moja, matokeo yao ya pamoja yanakuwa bora kuliko ya mmoja wao peke yake? Na kama yanakuwa bora, ni kwa sababu gani? Ninavyoona, jibu linategemea sana jambo ambalo wabunifu wengi hulichukulia kuwa la mapambo ya skrini: nani anatangulia kusema, na aliyefuata anabaki na kazi gani.

Tazama kinachotokea mashine inapotangulia. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, madaktari 27 wa picha za mionzi walipewa picha 50 za matiti wazisome na kuzipanga kwa madaraja ya hatari. Kila picha ilikuja na daraja lililopendekezwa, wakaambiwa pendekezo hilo limetoka kwa akili mnemba. Baadhi ya mapendekezo yalikuwa na makosa yaliyowekwa kwa makusudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Pendekezo lilipokuwa sahihi, madaktari wenye uzoefu mdogo walipatia picha kama asilimia 80. Lilipokuwa na kosa, walipatia asilimia 20 hivi. Mtu angetarajia wakongwe wasiyumbe, lakini nao walishuka kutoka asilimia 82 hadi 45.5. Hawa ni watu waliokaa na picha hizi miaka mingi. Elimu yao ilikuwa ileile na macho yaleyale. Kilichowapotosha ni neno lililowatangulia.

Mwanafunzi aliyeonyeshwa jibu kabla ya kukokotoa anajua hali hii. Kalamu inaanza kutafuta njia ya kufikia jibu lile, na hesabu yenyewe haifanyiki tena.

Ndiyo maana nchi nyingi za Ulaya, miaka mingi kabla ya akili mnemba, ziliweka utaratibu wa kila picha ya uchunguzi wa saratani ya matiti kusomwa na madaktari wawili. Kila mmoja husoma kivyake, na wakitofautiana wanakutana kujadili. Nguvu ya utaratibu huo haitokani na wingi wa watu tu. Inatokana na kutosikilizana kabla ya wakati. Wa pili akimsikia wa kwanza kabla hajatazama, una sahihi mbili lakini umetazama mara moja. Mashine inayotoa hukumu yake juu ya picha kabla daktari hajaiona inaondoa faida hiyohiyo, hata kama mashine yenyewe ni hodari. Tena ikiwa hodari ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa siku nyingi inapatia, na mtu anazoea.

Uswidi waliipa mashine kazi nyingine. Katika jaribio lao kubwa, lililoanza mwaka 2021, akili mnemba ilisoma picha za wanawake waliokuja kupimwa saratani ya matiti na kuzipa alama ya hatari kuanzia 1 hadi 10. Picha zenye alama 1 hadi 9 zilisomwa na daktari mmoja, na zile za alama 10 zikasomwa na wawili. Matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 2023, yakihusu wanawake zaidi ya 80,000. Kazi ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua: 6.1 kwa kila wanawake 1,000, dhidi ya 5.1 katika utaratibu wa zamani wa madaktari wawili kwa kila picha. Hapa pia mashine ilitangulia kusema, na madaktari waliona alama zake. Lakini swali kubwa ililojibu ni la mgawanyo wa kazi: jicho la pili, ambalo ni haba na la gharama, lipelekwe wapi? Kila picha bado ilipita mbele ya daktari. Huo ni ushirikiano uliopangwa na mtu aliyejiuliza kwanza ni kitu gani kinakosekana hospitalini.

Kwa ujumla hali haipendezi hivyo. Mwaka 2024, watafiti wa taasisi ya MIT huko Marekani walikusanya majaribio 106 yaliyolinganisha mtu peke yake, mashine peke yake, na wote wawili pamoja. Kwa wastani, wawili pamoja walifanya vibaya kuliko yule aliyekuwa bora akiwa peke yake. Kwenye kazi za kuunda kitu, kama kuandika, kulikuwa na faida. Kwenye kazi za kuamua, hasara. Ndani ya matokeo hayo kuna jambo ambalo nadhani linapaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya wabunifu. Pale ambapo mtu alikuwa hodari kuliko mashine, kuungana kwao kulileta faida. Pale ambapo mashine ilikuwa hodari kuliko mtu, kuungana kulishusha matokeo. Maana yake ni kwamba anayeijua kazi ndiye anayejua lini aisikilize mashine na lini aiache. Asiyeijua hukataa inapopatia na kukubali inapokosea.

Kwa hiyo ujuzi wa mtu ndio unaofanya ushirikiano uwezekane. Ukimpa mtu chombo kinachomlegeza ujuzi, unakula mtaji wa ushirikiano wenyewe.

Poland ilitupa onyo la kwanza zito juu ya hili mwaka 2025. Katika vituo vinne vya kupima utumbo mpana kwa kamera, madaktari walikuwa wameanza kutumia akili mnemba inayochora kisanduku kwenye skrini kila inapoona uvimbe wa kutiliwa shaka. Watafiti hawakuangalia vipimo vilivyofanywa kwa msaada huo. Waliangalia vile ambavyo madaktari haohao waliendelea kuvifanya bila msaada. Kabla ya mashine kuingia vituoni, waligundua uvimbe wa aina inayoweza kugeuka saratani kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa. Baada ya kuizoea, mashine ikiwa haipo, walishuka hadi asilimia 22.4. Ni utafiti wa kulinganisha kabla na baada, kwa hiyo sababu nyingine zinaweza kuwa zimechangia. Hata hivyo unaeleweka kabisa. Jicho linalosubiri kisanduku halizunguki tena ukutani mwa utumbo kama lilivyokuwa likizunguka.

Sasa rudi Nairobi uone kilichotokea huko. Mwanzoni mwa utafiti, karibu asilimia 45 ya mafaili ya matabibu waliokuwa na programu yalipata nyekundu mahali fulani kwenye usomaji wa kwanza wa mashine, kabla tabibu hajaambiwa chochote. Mwishoni yalikuwa kama asilimia 35. Matabibu walianza kukwepa kosa kabla ya kukumbushwa. Chukua mfano wa tabibu aliyezoea kuandika antibayotiki kwa kila mtoto mwenye kuhara. Kama ameshawahi kusimamishwa na nyekundu na kuelezwa sababu, safari nyingine anajisimamisha mwenyewe. Sisemi kwamba mpangilio wa zamu peke yake ndio unaoitenganisha Nairobi na Poland. Kazi ni tofauti, watu ni tofauti. Lakini kufikiri ndiko kunakomjenga mtu, na programu ile ilimwacha tabibu afikiri hadi mwisho kabla ya kumkosoa. Anayekosolewa baada ya kujaribu hujifunza. Anayepewa jibu kabla hajajaribu ana cha kunakili tu.

Kuna jambo jingine la Nairobi linalostahili kutajwa. Programu ilipowashwa tu, haikubadilisha mengi: mafaili yaliyoishia kwenye nyekundu bila kurekebishwa yalikuwa asilimia 35 hadi 40, sawa na ya wale wasiokuwa nayo. Yalishuka hadi kama asilimia 20 baada ya uongozi kuwaweka matabibu wenzao wa kuwaelekeza wengine, kufuatilia matumizi na kuzungumza na waliokuwa wakiipuuza. Modeli ilibaki ileile. Kilichoongezwa ni watu.

Mfano mwingine wa ushirikiano, na ninaoupenda kuliko yote, uko shambani.

Mhogo wa Afrika Mashariki una maadui wawili wakubwa wa virusi, na wote wawili waliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza katika ardhi ambayo leo ni Tanzania: batobato mwaka 1894, na michirizi ya kahawia mwaka 1936 kutoka kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Virusi vyote viwili huenezwa na nzi weupe, na huenezwa zaidi na sisi wenyewe tunapobeba vipando vya shamba lenye ugonjwa na kwenda kuvipanda kwingine. Batobato hujionyesha: majani machanga hujikunja, yana mabaka ya njano na kijani, mmea unadumaa. Michirizi ya kahawia ni ya siri zaidi. Dalili zake kwenye majani hukaa chini, kwenye majani makuukuu, njano inayofuata mishipa midogo, na mkulima huona ni uzee wa jani tu. Mmea unasimama, umenawiri, kisamvu kinachumwa. Siku ya kung'oa ndipo unakata mhogo ukakuta madoa ya kahawia makavu yameula kwa ndani, haufai kuchemsha wala makopa.

Chuo Kikuu cha Penn State kupitia mradi wa PlantVillage, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, walitengeneza programu ya simu iitwayo Nuru. Inafanya kazi bila intaneti na inazungumza Kiswahili. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani, na simu inamwambia inachokiona: batobato, michirizi, utitiri wa kijani, au jani zima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima Nuru dhidi ya watu. Nuru ilipatia asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya 40 na 58. Wakulima, kati ya 18 na 31.

Mwenye haraka atasoma hapo na kusema basi, mashine imeshinda, bwana shamba apumzike. Lakini soma tena. Asilimia 65 maana yake kila mara tatu inakosea moja. Shamba likipangwa kwa ushauri wa namna hiyo, mimea mizima itang'olewa na migonjwa itakatwa vipando. Watafiti waliendelea, na walichokipata ndicho chenye thamani: usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88 pale mtumiaji alipokagua majani sita ya mmea mmoja badala ya kutegemea jani moja.

Fikiria ni nani aliyeongeza usahihi huo. Ni mkono wa mkulima. Yeye ndiye aliyeinama, akafunua majani ya chini ambako michirizi hujificha, akageuza la kati, akapanda hadi la juu ambako batobato hukaa. Mashine haina miguu ya kuuzunguka mmea, na mkulima hakuwa na jicho lililofunzwa kwa maelfu ya picha. Kila mmoja alileta alichonacho, na matokeo ya pamoja yakampita kila mmoja akiwa peke yake. Tena kilichohitajika ni utaratibu wa kumwambia mtu: usiniamini kwa jani moja, nionyeshe mengine.

Ningependa ubunifu uende mbali zaidi ya hapo. Mkulima anajua mambo ambayo kamera haitayaona. Anajua vipando vya upande huu vilitoka kwa shemeji yake na vya upande ule vilitoka kituo cha utafiti. Anajua anapanda Kiroba, mbegu inayojulikana kustahimili michirizi, ambayo jani lake likionyesha dalili si lazima mizizi iwe imeoza. Anajua mwaka jana alipong'oa safu hii alikuta nini ndani ya mihogo. Programu inayotaka kushirikiana naye ingeanza kwa kumuuliza hayo, na ikifika mahali haina hakika ingemwambia ang'oe mmea mmoja, akate mhogo, apige picha ya ndani. Ni swali la jembe na kisu, haligharimu modeli mpya.

Ubunifu mwingi hauendi hivyo. Programu za kuzungumza zilizoenea sasa, ambazo wanafunzi wetu na hata maafisa wetu wanazitumia kila siku, zimejengwa kujibu. Unaandika sentensi moja, unapata aya tano zilizopangika, kwa Kiswahili fasaha, na hakika ya sentensi ya kweli inasikika sawasawa na hakika ya sentensi ya kubuni. Mara chache zinakuuliza unajua nini tayari, umejaribu nini, au uko mkoa gani kabla ya kukushauri tarehe ya kupanda. Huenda aliyezijenga aliona kuuliza ni kumchelewesha mteja. Mimi naona ndiyo heshima ya kwanza ya mshauri, na kila mzee anayeombwa ushauri barazani anaijua: husikiliza shauri lote kabla ya kutamka lake.

Pingamizi lipo, na lina uzito. Zahanati nyingi hazina daktari wa kutangulia kusema. Ukisubiri mtu hodari atazame kwanza, mgonjwa atakufa akisubiri. Kifua kikuu ni mfano mzuri. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome picha za kifua za watu wa miaka 15 na kuendelea badala ya daktari, katika uchunguzi wa awali wa kifua kikuu. Hapo mashine inatangulia, na ni sawa kabisa itangulie. Lakini angalia kinachofuata nyuma yake. Anayetiliwa shaka hupelekwa kutoa makohozi yapimwe maabara. Neno la mashine halimaliziki kwa mtu kuitikia tu, linakwenda kupambana na kipimo kingine kisichojua mashine ilisema nini. Nikiambiwa mashine itangulie, nitauliza hilo: nyuma yake kuna nini ambacho hakijasikia jibu lake?

Mara nyingi jibu linalotolewa ni kwamba nyuma yake kuna mtu anayesimamia. Sera nyingi zinaridhika hapo. Maombi ya mkopo yanasomwa na mashine, afisa anabofya kuidhinisha. Gari linajiendesha, dereva anakaa tayari. Tunajua tangu zamani kwamba binadamu hakuumbwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth wa Cambridge, akichunguza waangalizi wa rada, alionyesha kwamba mtu anayesubiri ishara adimu huanza kuzikosa baada ya kama nusu saa. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge aliandika kuhusu viwanda vinavyojiendesha kwamba kadiri mashine inavyochukua kazi, ndivyo mtu anavyobakiwa na sehemu ngumu kuliko zote, wakati mazoezi ya kila siku yaliyomwezesha kuifanya yameondolewa. Machi 2018 huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber linalojiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara. Msimamizi alikuwa ndani ya gari, kwenye kiti cha dereva.

Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imelitambua hilo angalau kwa maandishi: inataka mifumo yenye hatari kubwa ijengwe ili msimamizi aweze kubaki akijua mwelekeo wa binadamu kuegemea mno jibu la mashine. Kujua ni mwanzo. Viwanja vya ndege viliona mapema kwamba kujua hakutoshi. Mtu anayetazama mizigo ikipita kwenye mashine ya mionzi huwekewa, bila kujua ni saa ngapi, picha ya bunduki au bomu la kubuni ndani ya begi la abiria. Akiliona, mfumo unamwambia ni la majaribio. Asipoliona, naye anaambiwa. Kwa njia hiyo jicho linabaki na kazi, na mwajiri anapata kipimo cha kweli cha umakini wa watu wake badala ya kuutumaini. Sioni kwa nini programu ya kusoma picha za mionzi au ya kupitisha mikopo isiwe na utaratibu huohuo, wa makosa machache yaliyopandwa kwa idhini ya watumiaji na kuondolewa kabla hayajamfikia mgonjwa au mteja.

Wizara, kaunti, halmashauri na mashirika yetu sasa yanapelekewa bidhaa za akili mnemba kila uchao, na karatasi za mauzo karibu zote hubeba namba moja: usahihi wa mashine peke yake, uliopimwa mahali pengine, na watu wengine. Namba hiyo haijibu swali la mnunuzi. Mwuzaji atakiwe kuleta matokeo ya tabibu wetu au afisa ugani wetu akiwa na mashine, dhidi ya yeye yuleyule bila mashine. Alete matokeo ya siku mashine ilipokosea, aonyeshe ni wangapi waliligundua kosa. Aonyeshe kwenye skrini ni wakati gani mashine inafungua mdomo, na kama mnunuzi anaweza kuubadilisha wakati huo bila kuomba ruhusa ng'ambo.

Na baada ya mwaka mmoja, programu izimwe kwa muda katika vituo vichache, palipo na usimamizi wa kutosha, wafanyakazi wapimwe kama walivyopimwa kabla haijaja. Wakikutwa wameshuka, mkataba uwe umeshaandika nani anagharamia kuwanoa upya.